Wajumbe wa Mirambo: Uhakiki wa Sehemu Moja ya Kitabu cha Tippu Tip

Mtu asimamaye Nzega leo asimama penye makutano ya njia. Barabara moja yaja kutoka Singida na Igunga. Nyingine yashuka kusini kwenda Tabora. Ya tatu yapanda kaskazini kuelekea Shinyanga, Kahama na nchi za maziwa. Zamani za misafara nchi hii ya Unyamwezi wa kaskazini haikuwa na lami wala vituo vya magari, lakini swali la njia lilikuwa lile lile: nani aishike, na mzigo upite kwa idhini ya nani? Mwaka 1858 Speke aliondoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akaelekea upande huu wa kaskazini mpaka akaliona Ziwa Viktoria. Mwanzo wa mwaka 1875 Stanley, akienda ziwa lile lile, aliiacha njia ya Tabora, akakata nchi kutoka Ugogo akapitia Iramba, na huko nako jina la Mirambo lilikuwa limetangulia. Njia zikigeuzwa, watu hujua kuwa pana vita. Zikifunguliwa tena, hujua kuwa kuna mtu aliyepeleka neno kwa mtu. Habari za vita vile zimeandikwa sana. Habari za lile neno lililopelekwa zimeandikwa kidogo, na mahali pamoja zilipoandikwa kwa Kiswahili ni katika maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu humwita Tippu Tip.

Kitabu hicho chajulikana, lakini hakijasomwa vya kutosha kama maandishi. Tippu Tip alikiandika uzeeni mwake Unguja, kwa herufi za Kiarabu na kwa lugha ya Kiswahili, kwa kuombwa na Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa katika kazi za ubalozi. Brode aliyageuza maandishi yale kwa herufi za Kirumi, akayachapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Mwandishi mwenyewe alifariki mwaka 1905. Baadaye W. H. Whiteley alikitafsiri kwa Kiingereza, na kazi hiyo ikatoka mwaka 1958 na 1959 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Tangu hapo wanahistoria wamekichimba kitabu hiki kama watu wachimbavyo kisima: wamechota tarehe, majina ya watemi, hesabu za pembe, kisha wakaenda zao. Mhakiki hana budi kurudi na kuuliza neno jingine: je, habari yenyewe imesimuliwaje, na msimulizi amenyamazia nini?

Sehemu ihusuyo Mirambo si ndefu. Tippu Tip alikuwa akirudi kutoka Manyema baada ya miaka mingi, na mali nyingi ya pembe, katika safari iliyokwisha Unguja mwaka 1882. Alipokuwa njiani likamjia neno kutoka kwa Mirambo, mtemi wa Urambo, kwamba ataka urafiki. Neno hilo halikuja likiwa tupu. Lilikumbusha habari za wazee: kwamba tangu zamani, enzi za mababu, walikuwako watu wa upande huu na wa upande ule waliokuwa marafiki. Tippu Tip hakwenda mwenyewe. Alimtuma mwanawe Sef, naye Sef akapokewa kwa heshima, akarudi salama. Kisha kitabu chaendelea na safari. Msomaji mwenye haraka aweza kupita hapo asione kitu, kwa sababu msimulizi hakupiga ngoma. Hata hivyo, kwa mtu apimaye maneno, hapa ndipo penye fundi wa siasa akifanya kazi yake, na fundi huyo si mwenye kitabu.

Ili kazi hiyo ionekane, yapasa kukumbuka hali ilivyokuwa. Mirambo alizaliwa karibu na mwaka 1840 katika nyumba ya watemi wa Uyowa, utemi mdogo magharibi ya Tabora. Jina la Mirambo ni la vitani, na maana yake kwa Kinyamwezi ni maiti. Mwaka 1871 yeye na Waarabu wa Unyanyembe waligombana kwa kisa cha hongo na madeni, naye akaifunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa Tabora akimtafuta Livingstone, aliingia vitani pamoja na Waarabu mwezi wa Agosti. Mirambo alitoka katika boma lake akawavizia waliokuwa wakirudi na nyara, akamwua kiongozi wao Soud bin Sayd; siku chache baadaye akaja mpaka Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah akauawa siku hiyo. Vita viliendelea miaka kadhaa, na Sultani Barghash wa Unguja akapeleka askari, lakini hawakumshinda. Unyanyembe haikuwa mji wa Waarabu peke yao. Ilikuwa na watemi wake, na watemi hao waliungana na Waarabu kwa biashara na kwa ndoa.

Hapo ndipo jambo la kwanza la ajabu. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikaa miaka mingi karibu na Tabora, na alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Kwa hiyo, kwa hesabu ya ukoo, Tippu Tip alikuwa mtu wa upande wa adui: mwana wa mkwe wa ikulu ile ile iliyopigana na Mirambo. Kumpelekea mtu kama huyo neno la urafiki si jambo la kubahatisha. Mirambo angeweza kupeleka wajumbe kwa wakubwa wa Tabora moja kwa moja. Hakufanya hivyo katika habari hii. Alimchagua mtu aliye na mguu mmoja ndani ya nyumba ya adui na mguu mwingine nje. Tippu Tip alikuwa na jamaa Tabora, lakini dola yake ilikuwa Manyema. Faida yake ilitegemea njia iwe wazi, wala haikutegemea Mirambo avunjike. Mfanyabiashara wa Tabora aliyeketi pale pale na mashamba yake na madeni yake aliweza kuingoja vita iishe. Mwenye mamia ya wapagazi na pembe mabegani mwao hawezi kungoja, maana kila siku ya kusimama ni posho itokayo.

Jambo la pili ni wakati. Mirambo alikuwa amekwisha kujaribu milango mingine. Mwezi wa Aprili 1876 alikutana na Stanley, yule yule aliyepigana naye miaka mitano nyuma, mahali paitwapo Serombo, nao wakachanjiana undugu. Kwa mkono wa Philippe Broyon, mfanyabiashara Mswisi aliyekaa kwake, alitafuta mawasiliano na Unguja na balozi wa Kiingereza, John Kirk. Mwaka 1879 alimpokea Dakta Southon, mmisionari Mwingereza, akampa mahali pa kukaa Urambo. Milango hiyo ilikuwa ikifunguka, kisha mwaka 1880 ikafungwa kwa kishindo. Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa upande wa Mpimbwe katika vita ambavyo majeshi ya Mirambo yalikuwamo. Tangu siku hiyo Kirk hakuwa na neno jema la kumwambia Barghash juu yake. Basi mtu aliyefungiwa mlango wa mbele hutazama mlango wa uani. Raia mkubwa wa Sultani alikuwa anakuja kutoka magharibi, hajafika bado Tabora kusikia mashauri ya watu wa huko, na baada ya miezi michache angeketi mbele ya Barghash. Neno la Mirambo lilimkuta kabla hajasikia la wengine. Baadaye Barghash alitaka kumfanya Tippu Tip liwali wa Tabora, naye hakukubali. Kwa hiyo Mirambo hakukosea katika kumpima: huyo ndiye mtu ambaye Unguja ingemsikiliza, tena hakuwa na tamaa ya kukaa jirani yake akimchungulia.

Jambo la tatu ni maneno yenyewe, na hapa ndipo kazi ya mhakiki huanza hasa. Mirambo hakuanza na faida. Hakusema, kwa jinsi habari ilivyoandikwa, kwamba njia ikifunguka pembe zitapita. Jambo hilo kila mtu alilijua. Alianza na wazee. Katika adabu ya bara, na katika adabu ya pwani vilevile, adui hawezi kuitwa rafiki siku moja pasipo daraja, na daraja la kwanza ni marehemu. Aliyekufa hana ugomvi na mtu wala hawezi kukana. Akitajwa babu, vita vya juzi huonekana kuwa jambo dogo lililotokea baada ya jambo kubwa zaidi, na kurudi katika urafiki hakuonekani kuwa ni kushindwa bali ni kukumbuka. Hakuna upande uliosalimu amri. Hii ndiyo hekima ya ufunguzi huo: kila mmoja apewe njia ya kuja bila kuonekana kuwa amekuja.

Lakini je, msomaji aliamini daraja hilo? Kitabu chenyewe kimemfundisha kutoamini upesi. Kurasa za nyuma Tippu Tip amesimulia, bila haya na kwa furaha iliyofichwa kidogo, jinsi alivyoupata utawala wa Utetela. Alisikia kwamba Kasongo Rushie, mtemi mzee wa huko, alikuwa na dada zake waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Akajifanya kuwa ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao. Mzee akamkubali, akamkabidhi nchi. Ule haukuwa udugu wa damu wala wa kuchanjiana. Ulikuwa udugu wa maneno, uliotengenezwa kwa habari zilizosikiwa njiani. Sasa msimulizi huyo huyo aletewa neno la udugu wa wazee kutoka kwa Mirambo, naye alipokea kama jambo la kawaida, asiulize wala asicheke. Mtu aliyewahi kuchonga ufunguo huutambua mlio wa ufunguo mwingine katika kufuli. Ni vigumu kuamini kwamba Tippu Tip hakutambua. Ni rahisi zaidi kuamini kwamba alitambua, akaona kazi imefanywa vizuri, akaukubali mchezo kwa kuwa ulimfaa.

Tofauti ya habari hizo mbili yafaa kupimwa. Utetela, maneno ya udugu yalitumiwa na mwenye nguvu kumnyang'anya mzee asiye na nguvu. Urambo, maneno ya udugu yalipelekwa na mwenye nguvu kwa mwenye nguvu, na kila mmoja alijua thamani yake. Udugu wa kubuni kati ya wasio sawa huwa ni hila. Kati ya walio sawa huweza kuwa mkataba. Msimulizi hasemi hivyo. Amezipanga habari zake kwa mfuatano wa safari tu, kama mfanyabiashara apangavyo daftari lake. Kwa hakika kitabu kinaanza na habari za kijana wa miaka 12 akienda kununua sandarusi, na tabia ya daftari haikitoki mpaka mwisho. Lakini kwa sababu daftari ni la kweli kwa mwenyewe, laacha mambo mawili yakae karibu, na msomaji akayapima.

Jambo la nne ni kutumwa kwa Sef. Watu wengine wamelisoma kuwa ni woga, wengine kuwa ni heshima. Maana zote mbili zimo. Mwaka 1867 Tippu Tip alikwenda kwa Nsama wa Itahwa akiwa ameitwa kwa wema ili aonyeshwe pembe. Akashambuliwa ndani ya boma, akajeruhiwa kwa mishale, na vita vikali vikafuata. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwenda mwenyewe katika ikulu ya Mirambo kungekuwa kumpa Mirambo kila kitu kwa siku moja. Kumtuma mtumwa au mnyapara kungekuwa kumtukana. Mwana ni mtu wa katikati: ana damu ya baba, kwa hiyo ni heshima, hana dola ya baba, kwa hiyo akipotea msiba ni mkubwa lakini msafara haukuvunjika. Na kwa Mirambo mwana huyo alikuwa zawadi ya namna yake. Kumpokea mtoto wa mtu vizuri, kumlisha, kumrudisha akiwa mzima, ni kusema kwa vitendo jambo ambalo wajumbe 100 hawawezi kulisema kwa midomo. Ikiwa mwanzo wa habari ni maneno juu ya mababu, mwisho wake ni kijana aliyerudi nyumbani. Mababu waliitwa kuwa mashahidi wa neno. Mjukuu akawa dhamana yake. Mpango huo una umbo kamili, hata kama msimulizi hakukusudia umbo.

Habari hii yaweza kulinganishwa na ile ya Stanley juu ya Serombo, iliyochapishwa mwaka 1878. Stanley ni mchoraji. Alitazamia kumwona jambazi, akamwona mtu mpole wa sauti na mwenye adabu, amevaa kwa mtindo wa Kiarabu. Aliandika habari za uso wake, mavazi yake, macho yake, na jinsi Manwa Sera, mkubwa wa watu wake, alivyowachanja na kutamka laana juu ya atakayevunja undugu. Msomaji wa Ulaya alipewa picha. Lakini katika picha ile Mirambo ni kitu cha kutazamwa, na kustaajabu kwa Stanley ndicho kiini cha habari. Tippu Tip hachori. Hasemi Mirambo alivaa nini wala uso wake ulikuwaje. Yeye ataja nani alituma neno, neno lilikuwa nini, nani alijibu, nani alikwenda. Mfululizo wa vitendo vyake, akaja, akasema, nikampa, akarudi, huonekana kuwa mkavu mbele ya wino wa Stanley. Hata hivyo katika ukavu huo Mirambo si picha. Ni mtu atendaye. Neno lake ndilo lisukumalo habari. Kwa Stanley, mtemi ametembelewa na mgeni. Kwa Tippu Tip, mtemi ameanza jambo. Hapo maandishi ya Kiswahili yameishinda fasihi ya wasafiri wa Ulaya, wala hayakuhitaji pambo lolote.

Sifa hiyo isiwafiche wasomaji kasoro. Ya kwanza ni kwamba habari yote imetoka kwa upande mmoja, tena kwa mzee aliyekuwa akiandika baada ya miaka 20, wakati Mirambo alikwisha kufa na nchi zote mbili zilikwisha kuwa chini ya Wazungu. Mwandishi apendaye kuonekana kuwa mtu wa busara kati ya wapumbavu wa Tabora alikuwa na sababu ya kuusimulia urafiki huu vizuri. Neno la Mirambo lamfikia msomaji kwa sauti ya Tippu Tip, katika Kiswahili cha Unguja. Lilisemwa kwanza kwa lugha gani, na wajumbe walikuwa akina nani? Hawana majina. Wazee wa Urambo walioketi barazani na mtemi wao kupanga nani aendelewe na kwa maneno gani hawaonekani hata kidogo. Ufunguzi wa namna hii haupangwi na mtu mmoja. Mtemi wa Kinyamwezi alikuwa na washauri wake, na neno ikulu, ambalo Kiswahili kimelitwaa kutoka bara na sasa ni jina la makao ya Rais, halikuwa nyumba ya mtu mmoja bali mahali pa mashauri. Kitabu cha mfanyabiashara kimeona mlango wa ikulu, hakikuona ndani.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Amani ile ilikuwa amani ya nani? Njia ilifunguka ili pembe zipite, na pembe hazikutembea kwa miguu yake. Zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakiwamo watu wa nchi hizi za kaskazini ambako Nzega ipo. Na nyuma ya pembe hizo zilikuwako nyumba zilizochomwa Manyema na watu waliofungwa minyororo. Mirambo naye hakuwa malaika. Vijiji vilivyokataa kumtii vilionja rugaruga wake, na miaka ile ile aliyotafuta urafiki na wakubwa, wadogo walikuwa wakihama kukimbia vita vyake. Methali ya fahali wawili wasiokaa zizi moja husemwa mara nyingi. Haisemwi mara nyingi kwamba fahali wakipatana, majani hayaongezeki kwa ng'ombe wengine. Sifa za ufundi wa Mirambo, ikiwa zimetolewa hapa, zimetolewa kwa ufundi. Hazikutolewa kwa kila jambo ambalo ufundi huo ulitumikia. Msomaji anayeshindwa kuyatenganisha mambo haya mawili atakuwa ama mwimbaji wa sifa ama mlaani, na kazi zote mbili hazihitaji kitabu.

Na watu wadogo nao walikuwa na amani yao, ambayo haikuandikwa na Tippu Tip. Katika njia za misafara Wanyamwezi walifanya utani na makabila waliyopita kwao mpaka pwani, wakiwamo Wazaramo. Na watu wengi husema utani huo una asili yake katika ugomvi wa zamani uliogeuzwa kuwa mzaha. Mtani aweza kumtukana mtani, kumnyang'anya kitu chake kwa mzaha, kumzika akifa. Huo nao ni mpango wa kumwendea adui, uliotengenezwa na wapagazi wasio na wajumbe wala zawadi za pembe. Tena ndio uliodumu. Urafiki wa Mirambo na Tippu Tip ulikuwa umefungwa katika miili miwili. Mirambo alifariki mwezi wa Desemba 1884. Mrithi wake Mpandashalo hakuweza kuishika nchi, akauawa vitani mwaka 1890. Tippu Tip mwenyewe mwaka 1887 aliingia katika mapatano mengine, na mfalme wa Wabelgiji, akawa liwali wa maporomoko ya Stanley. Na Sef, kijana aliyepokewa vizuri Urambo, aliuawa mwaka 1893 katika vita na Dola ya Kongo. Mwezi wa Januari mwaka huo huo Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Wajerumani walipolivunja. Hakuna hata mmoja kati ya waliogombea njia ya Tabora aliyebaki na njia. Utani umebaki. Hata leo Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana msibani wajua la kufanya.

Je, hilo lafanya kazi ya wajumbe kuwa bure? La. Mtu aweza kusema kwamba mpango mzuri uliojengwa juu ya nafsi za watu wawili ni mpango mzuri wenye msingi mfupi; na kosa hilo la msingi, si la ufundi, ndilo lililoiponza Urambo. Mirambo alijua kuchagua mtu, wakati, maneno na dhamana. Hakuweza kupata chombo cha kuyatunza mapatano baada ya kufa kwake, barua zisizotegemea mwandishi mgeni, wala baraza litambuliwalo na upande wa pili. Mtu akitaka kujifunza siasa kutoka katika sehemu hii ya kitabu, na ajifunze yote mawili: jinsi mlango ufunguliwavyo, na jinsi mlango usio na bawaba uangukavyo.

Kwa mwanafunzi wa fasihi faida ni nyingine tena. Leo jina la Mirambo liko juu ya kambi ya jeshi mjini Tabora, na juu ya mtaa wa Dar es Salaam ambako Benki Kuu imejengwa. Jeshi na fedha wamemkumbuka. Shuleni pia watoto humjua kwa vita vya 1871 na kwa jina alilopewa na Stanley la kumfananisha na Napoleon. Hayo si uongo, ni nusu. Nusu ya pili imo katika kurasa chache za Kiswahili zilizoandikwa na mtu asiyekuwa na nia ya kumsifu, nazo zaonyesha mtemi aliyeketi akafikiri: nani kati ya adui zangu si adui hasa, lini atapita, atakumbushwa nini, na atanipa nini kama amana nami nimrudishie salama. Kurasa hizo hazina hata mstari mmoja wa mapambo. Zastahili kusomwa polepole, neno kwa neno, kama shairi lisomwavyo, na kusomwa hasa na watu wa nchi zile ambazo njia ilipita. Msomaji wa Nzega, akiyaona malori yakipindua njia panda usiku kwenda huku na huku bila kuulizwa hongo na mtu, aweza kukumbuka kwamba palikuwa na wakati ambapo kupita huko kulitegemea mjumbe asiye na jina, aliyebeba neno moja la mababu, akatembea nalo mpaka kwa adui.